Mchimba Hapiki, Mpika Haulizi

Katika ukoo wa Ndalahwa, aliyechimba dawa hakuipika, na aliyeipika hakuuliza kimechimbwa nini. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mama yake, aliyezaliwa nayo kwao, na za bibi yake kabla ya hapo, huko Buswelu. Mchimbaji alikwenda porini peke yake alfajiri, akarudi na mzizi umeshamenywa na kutwangwa, umefungwa kwenye kitambaa. Mpishi alipokea kile kitambaa kwa mikono miwili, akakitumbukiza chunguni jinsi kilivyo, akachochea moto. Maji yakishakuwa meusi, mchimbaji alikitoa kitambaa mwenyewe, akaenda kukimwaga anakojua. Kuuliza ilikuwa mwiko. Wenyewe walisema dawa ikiulizwa inaona haya, inakimbia. Tusidanganyane: wazee waliwaogopa wake. Mke leo yupo, kesho ng'ombe wa mahari wamerudishwa na yeye huyo kwao, na hawakutaka aondoke na dawa ya watu kichwani. Wakaona bora ajue nusu.

Ng'washi, mke wa Ndalahwa, aliijua nusu yake barabara. Ilikuwa dawa ya kuwashwa. Mtu aliyetoka mabaka mekundu, au kope zimevimba hadi macho yamezibwa, au anajikuna mpaka anatoka damu, alipewa kikombe kimoja anywe palepale na chupa ya kwenda kunawia. Siku hizi watu wanasema aleji. Wakati ule walisema tu mwili umekataa kitu. Na Ng'washi hakuwa mtu wa kuamini amini dawa. Ila alipokuwa bibi harusi, mwiba wa nyuki ulimvimbisha shavu likawa kama kiazi, na mama mkwe wake akampa kikombe cha ile dawa. Jioni shavu lilikuwa limerudi mahali pake. Kwa hiyo aliiamini, kwa sababu ilimponya yeye mwenyewe na si jirani wa shangazi yake.

Lakini hizo zilikuwa habari za zamani. Yeye na mumewe walihamia Mkuyuni, mjini Mwanza, Ndalahwa akawa fundi wa mitambo kwenye kinu cha kuchambua pamba, na dawa ikabaki Buswelu na mama yake hadi mama yake alipofariki. Kisha ukaja ule wakati wa kila kitu ruksa. Madukani vitu vikajaa, sabuni za kila rangi, mitumba milima kwa milima, na kinu cha pamba kikanyamaza. Ndalahwa akapunguzwa kazi pamoja na wenzake wote. Neno lenyewe hilo, kupunguzwa, utadhani walikuwa chumvi.

Alirudi nyumbani, akalala, akageukia ukutani. Ng'washi alidhani ni uchovu wa siku mbili tatu. Haukuwa uchovu. Mwanamume yule aliacha kunyoa ndevu, akaacha kuitikia salamu za majirani, akawa anakula akibembelezwa. Ng'washi alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha sokoni, na kila akirudi alikuta mgongo wa mumewe uko vilevile alivyouacha. Mtoto wao wa pekee, Yeremia, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na barua haikumfika.

Wala asingeogopa sana kama si habari ya Chenge. Chenge alikuwa fundi mwenzake Ndalahwa, wamepunguzwa pamoja. Asubuhi moja Chenge alivua viatu vyake juu ya mawe ya ziwani, akavipanga vizuri, na hakurudi kuvivaa. Ndalahwa alipoambiwa, hakulia. Alisema tu, "Chenge alikuwa na akili siku zote." Tangu siku hiyo Ng'washi alikuwa akitoka sokoni kabla mihogo haijaisha, anakimbia nyumbani kutazama viatu vya mumewe kama vipo mlangoni.

Aliyemwamsha Ndalahwa alikuwa jirani yao, Obedi. Huyu Obedi alipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, kule wanakochuna na kukata samaki wa kwenda Ulaya. Alikuwa na kisu chake, buti nyeupe na kofia ya neti, na mtaa mzima ulimwona amepata. Haukupita muda mikono ikaanza kumuwasha. Mabaka yalimpanda hadi kwenye viwiko, na msimamizi kule kiwandani hakutaka kuona mfanyakazi mwenye upele karibu na samaki wa Wazungu. Obedi akaja akasimama mlangoni kwa Ndalahwa.

"Mwangaluka, kaka," alisalimu kwa Kisukuma. "Marehemu mama yako si alikuwa na dawa ya haya mambo?"

Ndalahwa hakugeuka. "Alikuwa nayo."

"Na wewe hukumwona akichimba?"

"Nilimwona," Ndalahwa alisema kwa ukuta.

Kesho yake Ng'washi aliamka akakuta mkeka mtupu. Akatoka mbio, akakutana na mumewe anashuka kutoka njia ya Buswelu, miguu imejaa umande na vumbi, kitambaa kimefungwa mkononi. Alimkabidhi kitambaa hicho. Ng'washi akakipokea kwa mikono miwili jinsi alivyofundishwa, akabandika chungu, na machozi yakamtoka juu ya moshi. Hakuyafuta, maana moshi ulikuwa kisingizio tosha.

Obedi akapona. Mikono ikalainika, kazi ikabaki. Akaja mwenzake wa meza ya jirani, na mwenzake wa huyo. Halafu wakaja wengine ambao hata samaki hawakumgusa, kwa sababu ule wakati wa ruksa uliingiza na miwasho ya kila namna. Kuna waliowashwa na sabuni za unga, kuna waliochomwa na dawa za kunyoosha nywele, kuna waliovaa nguo za mitumba kabla ya kuzifua wakatoka vipele mgongo mzima, na kuna wadada waliojipaka mafuta ya kung'arisha uso mpaka uso wenyewe ukaanza kuhama. Wote hao walikaa kwenye benchi la Ndalahwa. Yeye akanyoa ndevu. Akaanza kutaniwa "Dokta", akawa anakasirika kwa nje tu. Usiku alikoroma kama zamani, na Ng'washi hakuwahi kufurahia koromo la mtu kiasi kile.

Mambo yakaenda hivyo mwaka na zaidi. Kisha dawa ikapoa.

Ng'washi alikuwa wa kwanza kuona, kwa sababu yeye ndiye aliyepokea chupa tupu. Waliokuwa wakirudi kushukuru walianza kurudi wakijikuna. Maji yalikuwa meusi vilevile, machungu vilevile, ila hayakufanya kitu. Alidhani ni kuni, akabadilisha kuni. Alidhani ni chungu, akanunua chungu. Kumuuliza mumewe hakuthubutu, maana kuuliza ni mwiko, na isitoshe alihofia jibu lenyewe. Siku moja mama mmoja wa sokoni, mdomo haujui breki, akasema pale benchini mbele za watu, "Dokta, mbona siku hizi unatuuzia maji ya masizi?" Watu wakacheka. Ndalahwa naye alicheka. Wageni walipoondoka akaingia ndani, akalala mchana ule, akageukia ukutani.

Ng'washi aliutazama ule mgongo. Kisha akajifunga khanga, akaenda sokoni kwenye duka la dawa la Odeta.

"Nipe kitu cha mtu anayewashwa," alisema.

"Piritoni," Odeta akamjibu, akahesabia vidonge vidogo kwenye karatasi. "Lakini zinaleta usingizi, mama. Mwambie anayekunywa asiendeshe gari."

Ng'washi alicheka kidogo. Gari! Nani hapa mtaani ana gari? Akavifunga vidonge kwenye pindo la khanga, akarudi, akavisaga kwa chupa juu ya jiwe, na mume alipolala akamwaga unga wote chunguni. Alikoroga. Ile dawa ilikuwa chungu kiasi kwamba ungetia hata kwinini mtu asingejua.

Watu wakapona. Wakapona haraka kuliko mwanzo, na usingizi juu. "Dokta, dawa yako sasa imekomaa," walisema. "Ukinywa unahisi kabisa inapigana na ugonjwa ndani, mpaka macho yanafumba." Usingizi ule ukawa sifa. Aliyekunywa asisinzie alirudi kudai kikombe cha pili. Ndalahwa akaamka tena alfajiri, akaenda na jembe lake, akarudi na kitambaa chake, na kila siku ya kupika Ng'washi akasaga vidonge vyake. Hakununua tena kwa Odeta. Alibadilisha maduka, leo Mkuyuni, kesho mjini, kesho kutwa hata Kirumba, watu wasije wakauliza huyu mama nyumbani kwake kuna nini.

Aliona vibaya? Kidogo. Alijiambia mzizi ndio dawa, vidonge ni chumvi tu ya kukolezea, na mboga haiitwi chumvi. Na hata kama ni uongo, uongo huo ulikuwa unamnyoa mumewe ndevu kila asubuhi. Yeye hilo lilimtosha. Mtu asiyewahi kuchungulia viatu mlangoni huku moyo unapiga asimhukumu haraka.

Kisha Obedi akajikata.

Alikuwa amekunywa kikombe kikubwa kabla ya kwenda kazini, kwa sababu siku ile mikono ilimuwasha kupita kawaida. Alisimama kwenye meza yake, samaki wanakuja, yeye anakata, samaki wanakuja, yeye anakata, na katikati ya samaki mmoja akasinzia kwa wima. Kisu hakikusinzia. Kilipita kwenye kiganja cha kushoto na kukata mishipa inayokunja vidole. Hospitali walimshona, ila vidole vitatu vilibaki vimenyooka kama vya sanamu. Kiwandani walimpa pole na kumwambia apumzike, na kila mtu alijua maana ya pumzika ile.

Obedi hakuilaumu dawa. Hilo ndilo lililomuua Ng'washi kabisa. Alikuja na bandeji yake akaketi kwenye benchi, akasema, "Usingizi ulinipitia tu, mama Yeremia. Kazi ya kusimama ile, we acha. Nipe kikombe changu, mkono huu uliobaki unaniwasha."

Ng'washi akampa kikombe. Ndipo maneno ya Odeta yakamrudia yote, na akaona jinsi alivyokuwa mpumbavu. Alikuwa amewaza gari. Hakuwa amewaza kisu. Usiku hakulala. Asubuhi alikichukua kile kifurushi cha vidonge kilichofichwa kwenye gunia la mihogo, akakitupa chooni. Kuanzia leo, alijiambia, watapata mzizi wa mama mkwe na basi. Kama ni dhaifu, na uwe dhaifu. Angalau haumkati mtu mkono. Kuhusu mumewe, angetafuta maneno ya kumwambia. Akayatafuta siku hiyo na iliyofuata, hakuyapata, na chungu kikaendelea kuchemka.

Ulikuwa mwezi wa senene, wale panzi wa kukaanga. Meli ya kutoka Bukoba ilikuwa ikishusha senene kwa magunia na kwa makopo, na Wahaya wote wa Mwanza walikuwa na nyuso za sikukuu. Mmoja wao alikuwa Celestina, mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwa Ndalahwa. Alikuwa na binti mdogo, Winnie, mtoto wa miguu myembamba na maswali mengi. Mwaka uliotangulia Winnie alikula senene wachache akatoka mabaka, akapewa dawa ya Ndalahwa, akalala, akaamka mzima. Celestina hakuwatilia shaka senene hata kidogo. Alisema ni mafuta waliyokaangiwa. Mhaya akataliwe na senene? Thubutu! Afadhali umwambie ndizi zina sumu.

Jumapili ile, watu wametoka kanisani, benchi la Ndalahwa limejaa, Celestina akaja mbio na mtoto mgongoni.

"Shikamoo baba Yeremia, shikamoo mama," alisema, pumzi juu juu. "Ni yaleyale ya mwaka jana. Naomba kikombe."

"Marahaba, mwanangu. Keti," Ndalahwa akasema, akateka dawa.

Winnie alishushwa. Midomo ilikuwa imevimba, kope zimevimba, na shingoni mabaka yalikuwa yakiungana. Alikunywa kile kikombe nusu, nusu ikamwagika kidevuni, kwa sababu kumeza kulikuwa shida. Celestina akamfuta kwa ncha ya kitenge. Alikuwa ametulia. Alikuwa amefika kwenye dawa anayoijua, basi hofu ameiacha njiani.

Ng'washi alikuwa amesimama kando ya chungu na upawa mkononi. Alisikia pumzi ya mtoto. Ilikuwa na mluzi ndani yake. Akasikiliza tena, na mluzi ulikuwa umepanda.

"Mpe cha pili," Ndalahwa akamwambia. "Cha pili kitamlaza."

Ng'washi hakuteka. Alijua kilichomo mle chunguni, au alidhani anajua: mzizi uliopoa na maji. Akilisema hilo hapa, mbele ya benchi zima, mumewe anarudi ukutani, na safari hii pengine haishii ukutani. Aliviona viatu, vimepangwa juu ya mawe. Aliviona kabisa, na rangi yake. Asiposema, kuna huyu mtoto hapa. Winnie alimtazama kwa yale macho yaliyokuwa yanafungwa, akajaribu kusema kitu, sauti haikutoka.

"Mama Winnie," Ng'washi akasema, "mpeleke hospitali. Sasa hivi."

"Ngoja kwanza dawa ishuke, mama. Mwaka jana..."

"Humu hamna dawa!"

Watu wakageuka. Ndalahwa akasema polepole, "Mama Yeremia, una nini?"

"Hamna kitu humu!" Sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Kilichokuwa kinawaponya ni piritoni. Za dukani. Nasaga mwenyewe, natia mwenyewe, huyu mume wangu hajui. Na leo sikutia! Mnasikia? Sikutia!"

Celestina alibaki ameduwaa. Mwalimu mzima, ametoa macho tu. Ng'washi hakumngoja. Alitupa upawa, akamnyakua mtoto, akakimbilia barabarani huku khanga inamdondoka, mama wa mtoto nyuma yake sasa anapiga yowe. Pikapu iliyobeba barafu ya samaki ilikuwa inapita. Ng'washi alisimama katikati ya njia, na dereva alikuwa na hiari ya kumgonga au kusimama. Alisimama.

Hospitali walimchoma Winnie sindano ya paja, wakamwekea hewa, na baada ya muda ule mluzi ukashuka, ukashuka, ukaisha. Muuguzi hakuwa na maneno mengi. Alimwambia Celestina kwamba senene basi, maisha yote, na Celestina, aliyekuwa ameketi sakafuni, akaitikia kama mwanafunzi. Kisha akauegemeza uso wake kwenye mkono wa Ng'washi na kulia. Ng'washi alimpapasa kichwa, lakini mawazo yake hayakuwepo pale.

Alirudi kwa miguu. Njia nzima alikuwa akitembea kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Alipokaribia nyumbani alitazama mlangoni, na viatu vya mumewe havikuwepo. Ndipo akamwona ameketi kwenye kigoda uani, amevivaa. Watu hawakuwa wameondoka. Walikuwa wameongezeka. Obedi alikuwepo na bandeji yake. Na Suzana, dada yake Ndalahwa, alikuwa ameshafika kutoka Buswelu, maana habari mbaya ina miguu mirefu kuliko baiskeli.

"Ndiye huyu," Suzana akasema. "Mwanamke amechezea dawa ya ukoo. Ametia uchafu wa dukani, dawa imeona haya, imekimbia. Mama aliponya watu miaka na miaka kwa chungu hichohicho! Kaka, mrudishe kwao huyu. Utatafutiwa mpishi mwingine, tutasafisha chungu, na dawa itarudi."

Benchini watu wakaguna kukubali. Ilikuwa na mantiki yake. Dawa nzuri, mganga mzuri, mke mbaya: kila mtu alijua hadithi hiyo inavyokwisha, na jina la Ndalahwa lingebaki safi kama sahani. Ng'washi mwenyewe alikuwa ameshaanza kuhesabu vitu vyake moyoni. Hakuona la kujitetea.

Ndalahwa akainua uso. "Mtoto?"

"Anapumua," Ng'washi akasema.

Ndalahwa akatikisa kichwa kukubali, akasimama. Alisimama kwa kujivuta, mkono kwenye goti.

"Mzizi uliisha," alisema.

"Mzizi gani umeisha?" Suzana akauliza.

"Wa mama. Walipopima viwanja kule kwetu trekta lilipita pote, halikubakiza hata kichaka. Nikatafuta mpaka Kiseke. Hakuna. Ule mti sikuuona tena." Alizungumza kwa utaratibu, kama zamani alipokuwa akieleza mashine imeharibikia wapi. "Tangu hapo nilikuwa nachimba chochote. Mizizi ya mpera. Mizizi ya mwembe. Leo ilikuwa majani ya mkaratusi. Kilicho kichungu, natwanga, nafunga."

Suzana akashika mdomo. "Unamtetea mkeo!"

"Namtetea kwa lipi? Nasema nilichokifanya." Akamgeukia Ng'washi, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama usoni. "Dawa ilipopoa nilijua ni mimi. Nikalala nikasema basi, nimekwisha. Halafu watu wakaanza kupona. Kwa mizizi ya mpera! Nikawaza, nikawaza, nikaona hakuna jibu lingine. Nikasema ni mikono yako. Nilikuwa nikienda kule porini kila alfajiri, najua nachimba takataka, najua nikikupa wewe inakuwa dawa."

Ng'washi alilia waziwazi mbele ya watu, bila moshi wa kumsaidia. Mama mmoja akaanza kukusanya chupa zake polepole, kama mtu anayeondoka msibani.

Aliyesema kwanza alikuwa Obedi. Alikuwa akiitazama ile bandeji.

"Mama Yeremia," alisema. "Ule usingizi. Ulikuwa wa hizo piritoni?"

"Ndiyo, Obedi."

"Ulijua zinalaza mtu?"

"Nilijua."

Obedi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Ungeniambia tu. Ningekunywa nikitoka kazini." Kisha akaamka, akaupakata ule mkono kama mtoto mchanga, akaenda kwake. Mmoja mmoja na wengine wakafuata. Suzana akaondoka bila kuaga. Wale wawili wakabaki uani na chungu mpaka giza likaingia.

Asubuhi Ng'washi aliamka akakuta mkeka mtupu. Viatu havipo. Jembe hakulitazama, akili haikumfikisha huko. Alitoka peku, akakimbia moja kwa moja hadi kwenye mawe ya ziwani, akapanda moja, akapanda lingine, anatazama chini, anatazama majini. Akina mama waliokuwa wakifua walimtazama. "Mmeona mwanamume hapa? Mmeona viatu?" Hawakuona. Aliita jina la mumewe, jina lake hasa, ambalo hakuwa amelitamka tangu Yeremia azaliwe. Maji yalikuwa yakipiga mawe tu.

Ni mmoja wa wale wafuaji aliyemwambia. "Mumeo si yuko bondeni kwa Obedi? Nimempita sasa hivi, analima."

Ng'washi akashuka kwenye mawe. Alimkuta kweli. Nyuma ya nyumba ya Obedi kulikuwa na kishamba, mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na matuta ya viazi yalikuwa hayajainuliwa, maana mtu hawezi kulima kwa mkono mmoja. Ndalahwa alikuwa kwenye tuta la kwanza, shati limelowa. Viatu alikuwa amevivua na kuviweka pembeni, juu ya nyasi. Ng'washi alivitazama, akavitazama tena, kisha akaketi kidogo kando ya viatu hivyo. Halafu akaenda kuchukua jembe lililoegeshwa ukutani, akaanza tuta la pili.

Obedi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mkono umefungwa kifuani. Aliwatazama kwa muda mrefu bila kuwasalimu. Jua lilikuwa limeanza kuchoma alipofungua mdomo.

"Hilo tuta fupi," alisema. "Mvua italizoa. Inueni."

Wakainua.